Zege Halipokei Hongo

Mtoto wa shule akigongwa na gari katika soko lolote la kando ya barabara kuu kule Ukambani, Kenya, wakazi huokota mawe. Huyapanga katikati ya lami, hukokota magogo, huwasha matairi makuukuu, na kabla ya nusu saa kupita foleni ya malori imekuwa ndefu hata mwisho wake hauonekani. Polisi hufika, chifu hufika, pengine na mbunge. Wakazi wakiulizwa wanataka nini, jibu lao ni moja: wajengewe matuta. Hawaulizi habari za mabango wala semina za madereva. Wanataka kitu kigumu, kilicholala barabarani, ambacho dereva akikidharau kitamvunjia springi.

Wakubwa wengi huwaona watu hawa kama wakorofi wanaozuia biashara. Mimi nawaona kama watu waliozika vya kutosha hadi wakaelewa jambo ambalo wizara imechelewa kulielewa. Katika barabara za Kitui na Makueni, kaunti mbili za Ukambani, kanuni inayotegemea hiari ya dereva haitoshi. Lazima iwe na umbo. Iguswe, na ikikiukwa igharimu papo hapo.

Sheria zenyewe tunazo tele. Tuna Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Tuna kanuni zilizopewa jina la waziri John Michuki, zilizochapishwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004, zilizoleta mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa katika matatu. Mwaka 2012 Bunge liliongeza adhabu, hata kwa dereva anayepanda njia ya watembea kwa miguu ili kukwepa foleni, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuunda NTSA, mamlaka ya usalama barabarani. Takwimu za mamlaka hiyo zinaonyesha kwamba waliofariki barabarani nchini walikuwa 4,579 mwaka 2021, 4,690 mwaka 2022, 4,324 mwaka 2023 na 4,748 mwaka 2024. Sheria zimeongezeka na maziko hayajapungua.

Chukua barabara ya Nairobi kwenda Mombasa. Ukitoka jijini una njia mbili zilizotenganishwa hadi Makutano ya Machakos. Baada ya hapo mnagawana lami moja, anayeteremka Pwani na anayepanda bara, kupitia Salama, Sultan Hamud, Emali, Makindu na Kibwezi hadi Mtito Andei. Sehemu kubwa ya safari hiyo imo ndani ya Kaunti ya Makueni. Kinachomtenganisha dereva wa basi na trela linalomjia ni mstari wa rangi. Usipokatika, maana yake usipite. Lakini rangi ni rangi tu.

Fanya hesabu kidogo. Trela lenye urefu wa mita 17 hivi, lililojaa makontena, linapanda kilima kwa kilomita 40 kwa saa. Wewe uko nyuma na gari dogo, unajitutumua hadi 60. Kutoka nyuma yake hadi kurudi upande wako salama mbele yake unahitaji kulipita kwa takriban mita 50, na kwa tofauti hiyo ya mwendo utatumia sekunde 9. Katika sekunde hizo wewe utakuwa umesafiri mita 150. Gari linalokuja kwa kilomita 80 litakuwa limesafiri mita 200. Kwa hiyo unahitaji mita 350 za barabara nyeupe mbele yako, bila kona wala mgongo wa kilima. Kwenye vilima vya Salama mita hizo mara nyingi hazipo. Dereva aliyekaa nyuma ya moshi wa trela kwa muda mrefu hapigi hesabu hiyo. Anachungulia mara moja, anasema moyoni mwake kwamba itatosha, na anatoka.

Foleni nazo zina balaa lao. Lori moja likiharibika kilimani, wa kwanza kukosa subira huingia upande wa wanaokuja. Wa pili humfuata, wa tatu hupitia vumbini kushoto, na punde lami ya magari mawili inabeba safu nne zote zikielekea upande mmoja. Upande wa pili nao wamefanya vilevile, hivyo zikikutana hakuna wa kurudi nyuma. Novemba 2015, huko Taru katika Kaunti ya Kwale, barabara hiihii ilijifunga kwa siku kadhaa na watu wakalala kwenye magari. Polisi mmoja mwenye kofia na filimbi hawezi kuwapangua watu wa namna hiyo. Ukuta wa zege uliojengwa mapema ungewazuia wasianze.

Na ukuta huo tunao mfano wake humu nchini. Eneo la Salgaa na Sachangwan, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, lilikuwa limezoeleka kwa vifo. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori yaligongana ana kwa ana karibu na hapo, Migaa, na watu 36 wakafa. Serikali ilijaribu kwanza kupiga marufuku mabasi ya usiku. Kilichobadilisha mahali penyewe ni kutenganishwa kwa njia hizo mbili kwa kuta za zege. Dereva wa lori anayeteremka pale leo anaweza kuwa mlevi, mchovu au mwenye haraka, lakini kumfuata wa upande wa pili si rahisi tena.

Umbo la ukuta huo nalo lina akili yake. Ulianza kutumika Marekani, katika jimbo la New Jersey, miaka ya 1950. Sehemu ya chini imeinama kidogo, ili gurudumu linalougusa lipande kidogo, lipoteze nguvu, kisha lirudishwe upande lilikotoka. Gari likichubuka, aliyemo hutoka akilalamika juu ya rangi ya gari lake, na hilo ni lalamiko tunaloweza kulivumilia.

Yuko atakayesema Kenya haina pesa za kupanua barabara yote. Ni kweli, lakini Uswidi ni nchi tajiri na haikupanua zote. Baada ya bunge lake kukubali mwaka 1997 kwamba lengo liwe kutomwacha mtu yeyote afe barabarani, wahandisi walichukua barabara ya kawaida, wakaigawa njia tatu, mbili upande huu na moja upande ule, kisha baada ya kilomita chache zamu inabadilishwa. Katikati wakanyoosha waya mnene wa chuma juu ya nguzo. Barabara ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa mwaka 1998, na katika barabara za namna hiyo vifo vilishuka kwa takriban robo tatu au zaidi. Dereva anavumilia kukaa nyuma ya lori kwa sababu anajua zamu yake ya kupita inakuja. Kilima cha Salama kingefaa sana kwa mpango kama huo.

Sitaki kudanganya kwamba kizuizi hakina madhara. Barabara nyembamba ikigawanywa kwa zege bila nafasi ya pembeni, trela moja likikatika ekseli linafunga njia nzima, na ambulensi haina pa kupitia. Basi zege liende pamoja na kipande cha lami cha kuegesha, mianya ya dharura, na gari la kuvuta malori lililo karibu, si la kuitwa kutoka Nairobi. Emali ni mji wa soko la mifugo. Ukiugawa kwa ukuta bila kivuko cha watu na wanyama, watu wataruka ukuta, kama wanavyoruka vyuma vya barabara ya Thika huku daraja la miguu likiwa hatua chache kutoka hapo. Bodaboda atautafuta upenyo na kuugeuza kuwa njia yake.

Matuta nayo yanataka adabu. Tuta lisilopakwa rangi, lisilo na bango, lililojengwa kwa hasira ya wiki moja, huua mwendesha pikipiki usiku kama vile gari lingemuua mtoto mchana. Lakini likijengwa vizuri linafanya kazi. Ghana walipotandaza matuta madogo ya mfululizo, yale yanayotetemesha gari, kwenye makutano ya Suhum katika barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi, ajali zilipungua kwa takriban asilimia 35 na vifo kwa asilimia 55. Suhum haina tofauti kubwa na Sultan Hamud: lami inapita katikati ya soko, abiria wanauziwa ndizi dirishani, malori yanakimbizana na bandari.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kizuizi tunachokijua kuliko vyote, kile cha polisi chenye misumari. Kwa nadharia ni kizuizi bora, maana kina mtu mwenye macho na sheria mkononi. Anaweza kuona tairi lililochakaa, kuhesabu abiria, kunusa pombe. Kwa vitendo kila msafiri wa nchi hii amewahi kuona makanga akishuka na kitambulisho mkononi, noti ikiwa imekunjwa chini yake, na gari likaendelea likiwa na kasoro zilezile. Hapo kizuizi kimegeuka kuwa ada ya kuvunja sheria. Tena kimemfundisha dereva jambo baya zaidi, kwamba sheria ina bei na bei yenyewe ni nafuu. Wapo maafisa waaminifu, na wengine wamegongwa wakafa wakiwa kazini usiku bila hata koti la kung'aa. Lakini mfumo unaomweka mtu mmoja kando ya barabara, bila kamera wala rekodi, mbele ya madereva mia wenye haraka, haumsaidii hata huyo mwaminifu. Ndiyo maana nasema panapowezekana zege litangulie, kwa kuwa zege halipokei hongo.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo zege pekee haliwezi, na ndipo Kitui na Makueni zina kidonda chao wenyewe. Nazungumzia mito.

Anayetoka Nyeri au Kisii huenda asielewe mto wa Ukambani. Kwa miezi mingi ni barabara ya mchanga mweupe. Akina mama huchimba mashimo humo na kusubiri maji yajae kidogokidogo, wakiyachota kwa kikombe hadi mtungi ujae, huku punda wakisimama pembeni. Barabara inapokutana na mto kama huo mara nyingi haijengewi daraja. Hujengewa drifti, yaani sakafu ya zege iliyolazwa karibu sawa na mchanga, na nguzo fupi kila upande kuonyesha zege linaishia wapi. Siku za kiangazi unaivuka bila hata kubadilisha gia.

Kisha mvua inanyesha vilimani, kilomita nyingi juu ya mto. Uliposimama wewe jua linawaka. Maji yanafika yakiwa rangi ya chai, yamebeba magogo, na katika muda mfupi zile nguzo fupi hazionekani. Hapo dereva hawezi kujua zege liko wapi wala kama bado lipo. Sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kuinua gari dogo, na sentimita 60 huweza kusukuma magari mengi, hata makubwa. Basi lina ubavu mpana, na ubavu ule ndio maji huusukuma.

Tarehe 4 Desemba 2021, Jumamosi, basi lililobeba wanakwaya na wageni wengine wa harusi liliingia katika Mto Enziu, upande wa Mwingi, Kaunti ya Kitui. Watu walikuwa wamesimama kingoni wakitazama, na wengi wetu tuliona video iliyopigwa pale: basi linasonga, linasita, linalalia upande wake, mayowe yanapanda, kisha mto unalichukua. Waliokufa ni zaidi ya 30, watoto wakiwamo. Walikuwa wamevaa nguo za sherehe.

Aprili 2024, huko Kasikeu katika Kaunti ya Makueni, lori lililobeba watu lilisombwa na mafuriko wakati likivuka mto, na kwa mara nyingine nchi nzima ikaona kwenye simu watu wakitumbukia majini mmoja baada ya mwingine. Mwezi huohuo basi la abiria lilizama nusu katika mafuriko ya Kaunti ya Tana River, kwenye barabara ya Garissa ambayo hupitia Mwingi. Abiria wake 51 waliokolewa wote, na hilo ni la kumshukuru Mungu pamoja na waokoaji wa Msalaba Mwekundu.

Katika mikasa hii tunapenda kumlaumu dereva, na lawama anayo. Lakini jiweke pale kingoni. Abiria nyuma wanasema tumechelewa. Kuna gari limevuka saa moja iliyopita. Mwenye gari anapiga simu. Kijana mmoja ng'ambo anapunga mkono kwamba njoo. Mwingine kando yako anasema usithubutu. Hakuna anayeamua ila wewe, na ukirudi nyuma utaitwa mwoga. Uamuzi wa uhai wa watu hamsini hauwezi kuachwa juu ya mtu mmoja aliyezungukwa na kelele hizo. Inafaa afike akute umeshaamuliwa.

Kinachohitajika ni kitu rahisi. Bomba la chuma lenye rangi nyekundu na nyeupe, lililofungwa kwenye nguzo imara, lililowekwa mita 100 hivi kabla ya mto, mahali ambapo basi linaweza kugeuza. Kufuli. Nguzo ya kupimia kina yenye alama inayoonekana kutoka mbali: maji yakifika hapa, lango linafungwa. Na mtu wa kijiji hichohicho, mwenye ufunguo, simu na posho ya miezi ya mvua, aliyetangazwa rasmi ili dereva akimpuuza ajue anapuuza serikali. Mtu anayeishi karibu na mto husikia mngurumo wake kabla ya maji kufika, na hakuna afisa wa Nairobi atakayeujua mto ule kumshinda.

Makueni inaweza kulianza jambo hili kesho. Ni kaunti iliyojipatia sifa tangu enzi za Gavana Kivutha Kibwana kwa kuwashirikisha wananchi hadi ngazi ya kijiji, na miradi yake husimamiwa na kamati za wakazi wenyewe. Mwaka 2015 ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga, na wakazi wakawa walinzi wa mito yao dhidi ya malori yaliyokuja kuikomba usiku. Watu walioweza kulinda mchanga wa mto wanaweza kulinda abiria wanaouvuka.

Ila mamlaka yao iandikwe. Kitui inakumbuka mwaka 2018, baada ya Gavana Charity Ngilu kupiga marufuku usafirishaji wa makaa na mchanga kutoka kaunti hiyo. Vijana waliingia barabarani kutekeleza marufuku wenyewe, na lori la makaa likateketezwa kwa moto. Kizuizi bila sheria nyuma yake huishia hapo. Mwenye ufunguo wa lango la mto asipige mtu, asidai senti, asichome kitu. Afunge, aandike namba ya gari lolote litakalolazimisha kupita, apige simu. Na dereva aliyelazimisha kupita ashtakiwe kwa kuendesha kwa hatari hata kama alifika ng'ambo salama. Sheria yetu inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayesababisha kifo kwa kuendesha hovyo, lakini kesi hiyo huja watu wakiwa wameshazikwa.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha. Vyuma vya kingo za barabara na madaraja vinang'olewa usiku na kuuzwa kama vyuma chakavu. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma hivyo nchini baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, na marufuku ikaondolewa Mei mwaka huo. Ajabu ni kwamba ilibidi taa zizimike nchi nzima ndipo tushtuke. Kipande cha chuma kinachoibwa kwenye kona ya Kibwezi hakizimi taa ya mtu, na kwa hiyo hakuna anayepiga kelele mpaka basi lipitie penye pengo. Mnunuzi wa vyuma anayepokea kingo ya barabara iliyopakwa rangi anajua anachonunua.

Swali la nani alipe lisitumiwe kama kichaka cha kujificha. Barabara kuu ni za mamlaka ya KeNHA, za vijijini ni za mamlaka ya KeRRA, nyingine ni za kaunti, na mwananchi aliye kingoni mwa mto hana haja ya kujua mipaka hiyo. Bomba la chuma na kufuli ni gharama ndogo mno ukilinganisha na majeneza yaliyopangwa safu baada ya Enziu.

Mvua za Ukambani zinazotegemewa zaidi ni za Oktoba hadi Desemba, na ndio msimu ambao watu wa huku hurudi nyumbani kwa harusi, matanga na Krismasi, mabasi yakiwa yamejaa. Gavana Julius Malombe wa Kitui na Gavana Mutula Kilonzo Mdogo wa Makueni waanze na drifti zilizoua. Waweke malango hayo kabla ya mvua kuanza, na KeNHA ianze na zege pale Salama. Nawe msafiri, dereva akisimama ukingoni mwa maji yaendayo kasi na kuanza kusita, usimhimize. Mwambie afungue mlango, ushuke, na mwite aliye jirani yako mshuke pamoja.